Nani Alilifuta Vumbi Lile Kochi

Mwaka 2005 tulikuwa wapangaji Manzese, Dar es Salaam, na televisheni pekee ya nyumba nzima ilikuwa sebuleni kwa mwenye nyumba. Zanzibar waliipata mwaka 1973. Sisi Bara tulisubiri hadi 1994, kwa hiyo hata mwaka ule kukaribishwa kuangalia mchezo wa kuigiza lilikuwa jambo la heshima. Watoto tulinawa miguu kwanza, tukakaa chini mkekani.

Tajiri wa kwenye mchezo ulimjua kabla hajafungua mdomo. Mlinzi anafungua geti, gari linaingia taratibu, kisha ngazi, zulia, kochi la ngozi, glasi ya juisi. Kamera iliganda hapo hata kama hakuna linalotokea. Lakini aliyeonewa kuliko wote ni dada wa kazi. Akiwa si mjinga ni mwizi, na akiwa si mwizi anamtaka baba mwenye nyumba. Na lazima aongee kwa lafudhi ya mikoani, ili watu wacheke.

Usiku ule dada huyo wa mchezoni alidondosha trei mbele ya wageni, akaomba radhi kwa lafudhi hiyo hiyo. Sebule nzima ikaangua kicheko.

Mama hakucheka. Alitoka Iringa akiwa ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba, akaja kufanya kazi za ndani hapa mjini. “Hilo kochi nani amelifuta vumbi?” akauliza. “Hiyo juisi nani kaikamua? Mbona hayo hawaonyeshi?”

Mwenye nyumba akapunguza sauti ya televisheni. “Kwani ulifanya hizo kazi, mama?”

Mama akasimulia kuamka saa kumi alfajiri, kupiga deki, kula peke yake jikoni wengine wakishashiba. Mimi mwanawe nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Mchezo ulipoishia hakuna aliyejua.

Kituo cha ITV walikuwa wanaonyesha pia Isidingo, tamthilia ya Afrika Kusini, na humo familia ya mchimba madini ilikuwa na mapenzi yake, hasira zake na siri zake sawa na matajiri wenye mgodi. Kwa hiyo kumwonyesha mfanyakazi kama mtu kamili inawezekana. Watunzi wetu wengi wamelelewa na hao madada, wangewauliza tu.

Mwenye nyumba aliuliza mshahara ulikuwa kiasi gani. Mama akajibu kwamba hakuwahi kuushika mkononi: ulikuwa ukitumwa moja kwa moja kijijini, ukamsomesha kaka yake hadi kidato cha nne.