Binti wawili wa Baudouin

Mtu akitaja jina la Baudouin hapa Bukavu, wazee hukumbuka yule mfalme kijana wa Ubelgiji aliyekuja Léopoldville kwa sherehe za uhuru tarehe 30 Juni 1960. Mimi leo naandika juu ya Baudouin mwingine, aliyeishi zaidi ya miaka mia saba kabla yake, na hasa juu ya binti zake wawili, Jeanne na Marguerite. Nafundisha historia katika shule ya wasichana. Kila mwaka nikifika kwenye zama za kati za Ulaya inaniuma kuona vitabu vinavyowataja dada hawa kwa mstari mmoja, kisha vinarudi mbio kwa wanaume wenye panga. Flandre ilikuwa mikononi mwao tangu 1205 hadi 1278!

Flandre ilikuwa nchi ya konte, yaani mtawala wa jimbo aliye chini ya mfalme, kando ya Bahari ya Kaskazini. Leo sehemu kubwa iko Ubelgiji na kipande kingine kiko Ufaransa. Konte alipiga magoti mbele ya mfalme wa Ufaransa, akaweka viganja vyake ndani ya viganja vya mfalme, akaapa kuwa mtu wake, ndipo akapewa ardhi. Hapo wanafunzi wangu hawasumbuki kabisa, kwa sababu wanaijua kalinzi: kwetu Bushi mtu alitoa ng'ombe kwa mkubwa wa ardhi, na tangu siku hiyo shamba likawa lake na la watoto wake. Konte alilipa kwa utii na kwa askari. Tatizo la Flandre lilikuwa kwamba bwana wake alikuwa Paris, lakini utajiri wake ulitegemea Uingereza, kwa maana mafundi wa Gent, Bruges na Ypres walifuma vitambaa vyao kwa sufu ya kondoo wa Uingereza. Wafalme hao wawili wakigombana, anayeumia ni konte.

Ukoo wenyewe ulianza kwa kutorosha msichana. Baudouin wa kwanza, aliyeitwa Mkono wa Chuma, alitoroka na Judith, binti wa mfalme Charles le Chauve, ambaye tayari alikuwa amefiwa na waume wawili, wote wafalme kule Uingereza. Baba mtu alikasirika sana. Papa Nicolas I akamwombea msamaha kijana, na mwaka 863 wakafunga ndoa. Baada yake walifuata akina Baudouin, Arnoul, Robert, Thierry na Philippe. Hao nawapita.

Baudouin wa tisa ndiye baba wa wasichana wetu. Mwaka 1202 alienda vita vya msalaba, na mwaka 1204 wenzake wakamvika taji la kaisari huko Constantinople, mji wa Wakristo wenzao, ambao wao wenyewe waliuteka na kuupora. Mke wake Marie alikuwa amemfuata kwa njia nyingine, akafia Acre mwaka huohuo. Mwaka uliofuata Wabulgaria walimkamata Baudouin vitani karibu na Adrianople, na nyumbani hakurudi tena. Jeanne alikuwa na miaka kama mitano. Marguerite hata uso wa baba yake hakuujua.

Baba mdogo aliyewalea, Philippe wa Namur, aliwakabidhi kwa mfalme wa Ufaransa, Philippe Auguste. Mwaka 1212 mfalme akamwoza Jeanne kwa Ferrand wa Ureno. Maharusi walipokuwa njiani kurudi Flandre, mwana wa mfalme aliwazuia Péronne, akateka miji yao miwili, Aire na Saint-Omer, akawaachia baadaye. Ferrand hakusahau. Alijiunga na maadui wa mfalme, na tarehe 27 Julai 1214 huko Bouvines akashindwa, akafungwa katika mnara wa Louvre miaka 12. Jeanne, binti wa miaka kumi na kitu, akabaki na nchi peke yake.

Kisha, mwaka 1225, alitokea mzee mmoja mtawa wa porini akisema yeye ndiye Baudouin, ametoroka kifungoni. Watu walimpokea kwa vigelegele, miji ikafungua malango, na Jeanne akalazimika kukimbia. Mimi hapa husimama muda mrefu darasani. Mfalme Louis VIII, mwana wa Philippe Auguste, alimwita yule mzee Péronne, akamuuliza maswali ambayo Baudouin asingeweza kuyakosa: Ulimwapia baba yangu utii wapi? Nani alikupa upanga wa ushujaa, na mahali gani? Ulimwoa Marie mji gani, siku gani? Mzee alikwama, akatoroka usiku. Alikamatwa, akanyongwa Lille. Wapo waliomnung'unikia Jeanne kwamba amemuua baba yake. Fikiria mzigo huo, kwa mtu aliyemngoja baba tangu utotoni. Mwaka 1237 alijenga hospitali Lille kwa ajili ya wagonjwa maskini, na taasisi hiyo imebaki na jina lake la cheo hadi leo, Hospice Comtesse. Alifariki mwaka 1244 bila kuacha mtoto.

Marguerite akashika nchi, na yeye shida yake ilikuwa wingi wa watoto. Akiwa binti mdogo aliolewa na Bouchard d'Avesnes, mtu mzima aliyekuwa mlezi wake, wakazaa wana wawili. Baadaye ikajulikana kwamba Bouchard alikuwa amepokea daraja la ushemasi mdogo, daraja la kanisa lisiloruhusu kuoa, na Papa akaibatilisha ndoa. Marguerite akaolewa na Guillaume de Dampierre, akazaa tena wana. Nani basi mrithi?

Niligawa darasa mara mbili, upande huu Avesnes, upande ule Dampierre, nikaandika majina ya watoto ubaoni. Msichana mmoja anayetoka Walungu, huko Bushi, akasimama: «Madamu, ng'ombe zilitoka au hazikutoka? Kama familia ilikula mahari, watoto ni wa nyumba.» Mwenzake wa upande wa pili akajibu kwamba padri hawezi kutoa ng'ombe, hana ruhusa ya kuoa. Kelele zilifika hadi kwa mkuu wa masomo. Ukweli ni kwamba Papa Innocent IV mwenyewe baadaye aliwatangaza wana wa Avesnes kuwa halali, kwa hiyo yule msichana alikuwa na hoja nzito.

Mwaka 1246 mfalme Louis IX alikata shauri: Hainaut kwa Avesnes, Flandre kwa Dampierre. Mama mtu aliwapendelea wa pili waziwazi, na ndugu wakapigana. Mwaka 1253 upande wa Avesnes uliwateka wana wawili wa Dampierre, Gui na Jean. Marguerite alimwachia Gui utawala mwaka 1278, akafariki 1280.

Kwa Dampierre nako kila kitu kilimfikia msichana, Marguerite wa Male. Mwaka 1369 aliolewa na mtawala wa Bourgogne, na kwa ndoa hiyo Flandre ikahamia ukoo mwingine. Muhula ujao nitawapa wanafunzi habari za binti wa kitukuu chake, Marie, aliyefiwa na baba mwaka 1477 akiwa na miaka 19, jeshi la Ufaransa likiwa tayari mpakani. Yule wa Walungu ameshaniomba awe wakili wake.