Nilivyopima kasi kati ya lango la Tabora na la Ujiji

Ping, ile pakiti ndogo ya kuuliza kama mashine nyingine ipo, kujibu si hoja. Malango yetu mawili ya redio ya ridhaa, yaani mashine zinazounganisha redio na intaneti, langu hapa Tabora mjini na la mwenzangu kule Ujiji, yalikuwa yakijibizana ping vizuri tu, ila ukituma faili linaganda.

Malango haya hutumia anwani zinazoanza na 44, walizotengewa wapenzi wa redio mwaka 1981. Pakiti yenye anwani hiyo hutiwa ndani ya pakiti ya kawaida, kama barua ndani ya bahasha, ndipo ipite kwenye intaneti; njia hiyo ndiyo tunaiita handaki. Bahasha yenyewe inakula baiti 20.

Tulianza bila handaki. Mwenzangu akawasha iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kama seva, mlango 5201, nami nikapiga kwa anwani za kawaida. Mwendo mzuri. Nikaweka -R ili data itoke Ujiji ije kwangu, nako safi. (Pakiti zilizungukia Dar es Salaam! Heri treni, inakwenda Kigoma moja kwa moja.) Tukarudia ndani ya handaki: sekunde ya kwanza kidogo, halafu sifuri tupu.

"Bwana we, rauta yako imekufa," akaniandikia.

Haikuwa imekufa. Nikapiga ping zenye amri ya kutokatwa njiani. Baiti 1472, kimya. 1460, kimya. 1452, jibu likaja. Jumlisha 8 za kichwa cha ICMP (itifaki inayobeba ping na taarifa za hitilafu) na 20 za kichwa cha IP unapata 1480, yaani 1500, kikomo cha kawaida cha pakiti, ukitoa zile 20 za bahasha. Usanidi tuliourithi uliweka handaki kwenye 1500, na rauta za njiani zilikuwa zikizuia taarifa za ICMP za kusema pakiti ni kubwa mno (ping zetu zilipita kwa kuwa zilikuwa ndani ya bahasha), kwa hiyo pakiti kubwa zilitupwa bila mtumaji kuambiwa. Tukashusha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) hadi 1480 pande zote mbili, tukabana MSS (data inayobebwa na pakiti moja ya TCP) kwenye 1440, na vipimo vya handaki vikakaribia vya nje.

Upande wa redio sithubutu kuendesha iperf3. Kwa biti 1200 kwa sekunde hupati zaidi ya baiti 150, na kipimo hicho kingeziba masafa watu wengine wakose nafasi. Napeleka faili la baiti 3,000, natazama saa. Likifika kwa nusu dakika nashukuru. Akitokea mtu akadai lake limefika kwa sekunde 10, huyo hayuko kwenye 1200.