Bakteria wanaong'aa gizani

Kazi yangu hapa Dodoma ni maabara, na sehemu kubwa ya siku nasoma slaidi za makohozi nikitafuta kifua kikuu. Nyingine ni za wachimbaji wadogo, ambao vumbi la mawe linawaweka hatarini zaidi. Tunatumia hadubini ya LED: slaidi inapakwa rangi ya auramini, bakteria wanang'aa kwa manjano ya kijani. Jicho linawanasa haraka kuliko kwa njia ya zamani ya wekundu juu ya bluu. Ubaya wake, ukikodolea sehemu moja muda mrefu, mng'ao unafifia. (Shemeji yangu anaamini naangalia TV kazini.)

Ndiyo maana nimezipenda nukta kwanta. Ni chembe za nanomita chache tu, na rangi inafuata ukubwa: malighafi ileile, ndogo inatoa bluu, kubwa inaelekea nyekundu. Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Yekimov walipewa Nobeli ya Kemia 2023 kwa kazi hiyo. Mwanga mmoja unaziamsha zote, kila moja na rangi yake, na hazichoki upesi. Ukizibandika kingamwili tofauti (protini ambazo kila moja hunasa kitu chake), unasaka vitu kadhaa kwenye sampuli moja!

Ila nyingi zina kadimiamu, metali ambayo ni sumu. Kwenye slaidi au kipimo cha kijiti sina wasiwasi. Kumchoma mgonjwa mshipani, mimi bado. Wapo wanaotengeneza za kaboni, hizo ndizo nazifuatilia. Wenzangu wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), kuna aliyewahi kuzitumia? Nipigieni hodi.