Panga la springi lafika kwenye mti wa Krismasi

Panga limeisha, imebaki ala tu. Kwa aliyezikosa hatua za nyuma: ni springi ya Land Rover, mhunzi wa hapa Mufindi akaifua hadi ikabaki milimita 6 mgongoni, bapa sentimita 38, mpini wa mpera uliokazwa kwa riveti tatu. Ni zito kuliko la dukani, na uzito umekaa mbele, karibu na ncha. Ndivyo nilivyotaka. La dukani ni jembamba kwa kuwa ni la kufyekea; likikutana na shina linadunda.

Kilichonisumbua ni makali. Yalitoka kwa mhunzi membamba kama ya kisu cha kuchinjia, na makali ya namna hiyo yakigonga kifundo cha paini yanakunjika. Nikayarudisha nyuma kwa tupa, nikayapa tumbo kidogo kila upande, nikamalizia kwenye kinoo chenye maji. Sasa hayanyoi ndevu, na sina haja yanyoe. Kazi yake ni kupasua na kutoka bila kunasa.

Mti wa majaribio haukutafutwa mbali. Kwenye mpaka wa shamba letu, juu kidogo ya vinyungu, yaani bustani zetu za bondeni, mipaini inajiotea yenyewe. Aina yake ni patula, ambayo asili yake ni Mexico, lakini huku Mufindi imeshakuwa mwenyeji: mbegu ina bawa, upepo unaipeperusha kutoka mashamba ya miti, nayo ikitua penye udongo ulio wazi inaota. Tusipoiondoa itafunika bustani, kwa hiyo mti wa Krismasi kwangu ni sehemu ya palizi. Anayewaza kuingia msitu wa Sao Hill na panga lake, apitie kwanza kwa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Bila kibali ni kosa, hata kama ni kimti cha kiunoni.

Nikachagua mmoja wa mita mbili na nusu hivi, shina sentimita 7. Kwanza matawi ya chini, ili panga lipate nafasi. Tawi linapigwa kutokea chini kwenda juu. Ukilipiga kwenye kwapa, kwa juu, linachanika na kuondoka na ganda la shina.

Halafu shina lenyewe: pigo moja la mshazari kushuka, la pili kupandisha, kibanzi kinaruka. Mvua ilikuwa imenyesha, mti umejaa maji, na vibanzi vilitoka vizuri, vinene, vyenye harufu kali ya utomvu. Jirani yetu akawa anapita na majembe yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huo mti unaukata au unaubembeleza?"

Akaweka majembe chini, akashika shina usawa wa kifua, akalivutia kwake mpaka likapinda. "Haya, piga huku nje." Nikapiga pale palipovutika, na nyuzi zikaachia kama kamba iliyokazwa. Mapigo mawili, mti chini. Najua msumeno wa upinde ungeumaliza upesi, ila utomvu wa paini unaziba meno, na mimi nilikuwa napima panga.

Nyumbani nikakata tena kipande kifupi cha kitako, maana utomvu unaziba kidonda na mti haunywi. Ndoo, mawe ya kuushikilia, maji hadi juu ya mkato. Ila niseme kweli: patula si mti mzuri wa kupamba. Sindano zake ni ndefu, zinaning'inia, na kila kinachotundikwa kinateleza. Msaiprasi unashika mapambo vizuri zaidi. Watoto wamefunga maputo kwa uzi na kutandaza pamba ya theluji ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona, na mama yao ameshaonya kuhusu ile ndoo na waya wa taa; waya tumeuhamishia juu ya dirisha.

Hali ya panga: bapa lilikuwa jeusi kwa utomvu, mafuta ya taa na tambara vikalisafisha. Makali hayakumomonyoka. Kuna sehemu ndogo karibu na ncha iliyolala baada ya kugonga kifundo, imenyooka kwenye kinoo. Riveti ya nyuma inacheza kidogo, nitaigonga upya kabla ya kupaka mpini mafuta. Ala nitatengeneza kwa bomba la plastiki la inchi 2, lipashwe moto, lilazwe chini ya ubao, litobolewe mdomoni kwa kamba. Bomba ninalo tayari, nasubiri jiko la mkaa lipumzike na mapishi ya sikukuu.