Nambari ya Riba Ikikosewa, Nani Atalipa?

Chama chetu hapa Nakuru kilipokea barua kutoka kwa benki inayotukopesha, ikieleza kwamba mkopo tulionunulia mashine ya kusaga mahindi utahesabiwa kwa KESONIA, yaani wastani wa riba ambayo benki hutozana zinapokopeshana kwa usiku mmoja, pamoja na nyongeza ya benki yenyewe. Kwa kuwa mimi ndiye mweka hazina, mama mwenyekiti alinikabidhi barua hiyo niisome. Kifungu kimoja kilinikosesha usingizi: benki haitakuwa na dhima yoyote kwa hasara itokanayo na kosa katika kiwango cha marejeo, yaani nambari kama KESONIA ambayo riba ya mkopo huifuata.

Sehemu ya kifungu hicho ni ya haki. Benki yetu haikokotoi kiwango hicho. Inakipokea kama sisi tunavyokipokea. Hata wachapishaji wakubwa hujiwekea mipaka. Benki ya Fed ya New York, sehemu ya benki kuu ya Marekani, inayochapisha SOFR (kiwango cha Marekani cha riba ya mikopo ya usiku mmoja) kila asubuhi ya siku ya kazi, hurekebisha kosa siku hiyo hiyo alasiri, na tena ikiwa tu badiliko linazidi sehemu moja ya mia ya asilimia moja. Baada ya hapo nambari hubaki ilivyo, na mikataba huendelea kuifuata, kwa maana biashara haiwezi kufunguliwa upya kila mtu anapogundua hitilafu ndogo.

Lakini neno "kosa" limeachwa wazi mno. Kiwango cha marejeo cha zamani, KBRR, kilipoanzishwa na Benki Kuu ya Kenya Julai 2014 kilikuwa asilimia 9.13, na Januari 2015 kikashuka hadi 8.54. Tuseme benki ingesahau kushusha: kwa deni la shilingi 2,000,000, tofauti hiyo ni shilingi 11,800 kwa mwaka, fedha ya kununulia mota ndogo. Hapo mchapishaji hakukosea chochote. Aliyekosea ni karani aliyetumia nambari ya zamani, na sioni kwa nini kinga iliyotungwa kwa ajili ya kosa la mwingine imfunike yeye.

Udanganyifu nao ni jambo jingine kabisa. Viwango vya LIBOR, viwango vya marejeo vya zamani vya London, vilitokana na makadirio ya benki zenyewe, na mwaka 2012 Barclays ilitozwa faini Uingereza na Marekani kwa kujaribu kuvipotosha. Sheria ya Uingereza haimruhusu mtu kujikinga kwa mkataba dhidi ya ulaghai wake mwenyewe.

Niliandika barua nikiomba maneno "isipokuwa kosa la benki yenyewe katika kusoma, kutumia au kukokotoa kiwango" yaongezwe, na pia ielezwe kitakachofuatwa iwapo kiwango kitakoma, maana hata LIBOR ya dola ilifikia mwisho wake Juni 2023. Afisa wa mikopo alinijibu kwa simu kwamba fomu ni ile ile kwa wateja wote. Nimemwomba aliweke jibu hilo katika maandishi. Wakati huo huo, kila siku ya kubadilishwa kwa riba yetu ninakiandika kiwango kilichochapishwa katika daftari la chama, pamoja na tarehe.