Kilianguka Wapi?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili sikulala vizuri, na sababu yake ni kufuli nililolinunua mwenyewe sokoni. Wengi wenu mnafahamu kuwa nyuma ya nyumba yetu hapa Bagamoyo kuna vyumba vinne ambavyo mimi na mke wangu tunawapangisha wanafunzi wa chuo cha kanisa. Katika chumba cha mwisho anakaa binti wa mwaka wa pili, Mlutheri mwenzetu kutoka nyanda za juu, anayesomea ualimu na kuimba katika kwaya ya vijana. Kodi yake ya miezi mitatu, shilingi 40,000 kwa kila mwezi, ilikuwa haijalipwa. Nilimkumbusha mara mbili, na mara zote mbili alinijibu kwa upole kuwa fedha bado hazijaingia. Jumatano ya juma lililopita, alipokuwa darasani, nilitia kufuli langu juu ya lile la kwake, nikarudi barazani kusoma gazeti.

Alilala kwa rafiki yake tangu siku hiyo. Madaftari yake yalikuwa ndani, na Ijumaa alikuwa na jaribio. Jumapili alinikuta nje ya kanisa, akakunja goti kidogo kama walivyomlea kwao, akasema, "Shikamoo, babu." Niliitikia marahaba, kisha nikaingia ndani kukusanya sadaka, kwa kuwa ilikuwa zamu yangu.

Jumatatu mke wangu aliniambia kuwa kuna harufu inayotoka katika chumba kile. Nilipofungua nilikuta juu ya jiko la mkaa sufuria ya maharage yaliyochacha na kuota ukungu. Mke wangu, ambaye inaonekana anawafahamu wapangaji wetu kuliko mimi, alinieleza kuwa binti huyo hupika maharage mara moja yamtoshe siku tatu, ili mkaa usiishe upesi. Basi nilikuwa nimemfungia nje ya madaftari yake na ya chakula chake kwa pamoja. Jioni ile ile jumuiya yetu ilikuwa ikisoma 2 Wafalme sura ya 4, na msomaji alipofika mahali wana wa manabii wanapopiga kelele, "Mauti imo sufuriani," nilitamani kutoka nje.

Tumezoea kuwasoma wana wa manabii kana kwamba walikuwepo ili miujiza ipate mahali pa kutokea. Lakini watazameni vizuri: ni wanafunzi. Mmoja wao alikufa akiacha deni. Wakati wa njaa, mwingine alikwenda shambani akachuma matango mwitu asiyoyajua, akayakatia katika chungu cha wote. Mahali pao pa kukaa palikuwa padogo mno, ikawabidi wajikatie boriti wenyewe. Hata shoka walilokatia lilikuwa la kuazima. Deni, chakula, malazi na vifaa: mtu yeyote aliyewahi kuwa mlezi wa wanafunzi katika chuo cha kanisa, kama nilivyokuwa mimi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, atawaambia kuwa hayo manne ndiyo yanayoletwa ofisini kila siku, na kwamba swali la roho huja mara chache, tena likija huwa limejificha ndani ya mojawapo ya hayo. Mwanafunzi hagongi mlango na kusema kuwa imani yake inapoa. Hugonga na kusema kuwa hajala.

Katika maisha yangu yote nimeisoma sura hiyo nikijiweka upande wa nabii Elisha, kiongozi wa wanafunzi hao, na nadhani wazee wa kanisa wengi hufanya hivyo. Jumatatu ile nilimwona mtu mwingine ambaye sikuwahi kumjali. Mjane wa yule aliyekufa na deni analia kwamba mwia, yaani mtu anayemdai, amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Mwia huyo hatajwi jina, hasemi neno, wala haandikwi kuwa mtu mwovu. Alikuwa anadai kilicho chake. Nami nilikuwa nadai kilicho changu. Kusoma habari za watoto wanaochukuliwa utumwani kwa sababu ya deni si jambo jepesi katika mji huu, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kuwakusanya watoto waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa, wakawafundisha kusoma, kulima na kazi za mikono. Elimu ya Kikristo katika mwambao wetu ilianza na watoto ambao mtu fulani aliwalipia. Mimi ni Mlutheri na sina sehemu katika sifa za mapadre hao, lakini ninakaa karibu na kanisa lao, na sikuona haya kununua kufuli.

Sisemi kwamba kodi isilipwe. Elisha mwenyewe hakumwambia mjane alisahau deni. Alimwambia akauze mafuta, alipe, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Tofauti yake na mwia ni kwamba kabla ya kusema lolote kuhusu kulipa aliuliza amfanyie nini, na nyumbani ana kitu gani. Mimi nilikuwa sijauliza. Laiti ningeuliza, ningejua habari za maharage.

Neno lililonishika zaidi, hata hivyo, liko katika sura ya 6. Wanafunzi wanaomba ruhusa ya kwenda Yordani kukata boriti, na Elisha anawajibu, "Enendeni." Hapo mmoja wao, ambaye nampenda sana ingawa hatujui jina lake, anamwomba aende pamoja nao. Elisha anajibu neno moja tu: "Nitakwenda."

Ndugu zangu, sisi tumekwama kwenye "Enendeni," na katika jambo hili naomba mnivumilie niseme kwa ukali, kwa kuwa najisema na mimi mwenyewe. Hakuna watu wanaopenda vyuo vya kanisa kama sisi. Nilikuwa Usambara wakati Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ilipokuwa ikijiandaa kuanzisha chuo cha Magamba, Lushoto, kilichofunguliwa mwaka 2007 kwa jina la Askofu Sebastian Kolowa, nacho kikatanguliza elimu ya watu wenye mahitaji maalumu, kwa sababu kanisa liliona kuwa mtoto kiziwi na mtoto asiyeona wanahitaji walimu walioandaliwa. Tulitoa sadaka kwa furaha. Tuko tayari kununua saruji, tuko tayari kuhudhuria uwekaji wa jiwe la msingi, na kila mwaka muhula unapokaribia tunawasimamisha vijana wetu mbele ya madhabahu, mchungaji anawawekea mikono, tunawapa bahasha, tunaimba. Kisha tunakaa kimya miaka mitatu, mpaka siku ya mahafali, ndipo tunapotokea na mashada ya maua na kamera. Katikati ya bahasha na shada, ni nani kati yetu aliyewahi kwenda?

Kijana anaondoka usharikani akiwa anajulikana na kila mtu, mtoto wa fulani, mwimbaji wa sauti ya tatu, na anafika mahali ambapo yeye ni namba ya usajili. Anafika kwenye joto la pwani na mbu wake, kwenye vyakula asivyovizoea, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuna anayeuliza amerudi saa ngapi. Tunajifariji kwamba chuo ni cha Kikristo. Ni kweli kipo kanisa dogo, zipo ibada za asubuhi, upo ushirika wa wanafunzi unaofanya kazi njema. Lakini jina la Kristo juu ya lango halimlei mtu. Luka anaandika kwamba Yesu akazidi kuendelea katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu, na tunasahau kwamba mistari michache tu kabla ya hapo wazazi wake walitembea safari ya siku nzima wakidhani yumo katika msafara, naye hayumo. Walikuwa na hakika kwa sababu msafara ulikuwa wa watu wema. Walipogundua, walirudi kumtafuta.

Kuna kosa lingine linalotokea hata kwa wale wanaokwenda. Chuma cha shoka kilipoanguka majini, mwanafunzi alilia kwa sababu kilikuwa cha kuazima. Wanafunzi wetu wa leo wanakielewa kilio hicho kuliko wataalamu wa Biblia. Yule mwenye mkopo wa elimu ya juu anakula kwa fedha ya kuazima, shilingi 10,000 kwa siku zikiwa zimefika, na akipata kazi atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Asiye na mkopo amesomeshwa kwa ng'ombe wa baba yake au kwa mchango wa ukoo, na hilo nalo ni shoka la watu. Akianguka mtihani, akipata mimba, akimaliza fedha zake kabla ya wakati, kilichozama si chake peke yake. Ndiyo maana wengi huficha.

Elisha aliuliza, "Kilianguka wapi?" Hakuuliza kwa nini hakukikaza chuma mpinini kabla ya kuanza kazi, ingawa lingekuwa swali la haki. Aliuliza mahali, akaonyeshwa, akakata kijiti akakitupa pale pale. Na chuma kilipoelea hakukichukua kwa niaba ya mwanafunzi. Alimwambia akiokote mwenyewe, naye akanyosha mkono.

Niruhusuni nitoe ushuhuda ambao si wa kujisifu. Nilipokuwa mlezi wa wanafunzi, aliletwa mbele ya kamati ya nidhamu kijana wa mwaka wa tatu, mtulivu, aliyepoteza ada ya muhula mzima katika kubeti mechi. Nilikuwa mwenyekiti wa kikao. Nilimuuliza kwa nini. Alinyamaza. Nilimuuliza tena na tena, na kila nilipouliza nilipandisha sauti, nikaongeza na mstari wa Mithali. Alitazama chini mpaka kikao kikaisha, na kabla ya mwisho wa juma alikuwa amefungasha na kuondoka. Baadaye mwenzake wa chumbani alinieleza kuwa alianza kubeti mwezi ule ule baba yake alipoumia na kushindwa kulima, nyumbani wakamtumia nusu tu ya ada, naye akadhani anaweza kuigeuza hiyo nusu iwe nzima. Pale ndipo chuma kilipoangukia. Mtu yeyote katika kikao kile angeweza kupajua kwa kuuliza swali moja tofauti, na chuo kilikuwa na utaratibu wa kulipa ada kwa awamu ambao ungemwokoa. Hatukufika huko, kwa sababu mimi nilikuwa nashughulikia kosa. Namtafuta mpaka leo na sijampata.

Wale waliofika misheni ya Wakatoliki hapa mjini wameuona ule mbuyu wenye mnyororo. Inasimuliwa kwamba mama mmoja wa Kizungu, mhudumu wa wagonjwa, alizungusha mnyororo kwenye shina ili amfunge punda wake, na ukaachwa hapo. Mti haukuacha kukua; uliumeza, na sasa kinaonekana kipande kifupi tu kikitoka ndani ya gome. Nimewapeleka wageni mara nyingi kuutazama na tukacheka. Juma hili nilipita pale peke yangu. Yule mama hakuwa na nia mbaya na mti. Alikuwa na punda wa kumfunga. Nami nilikuwa na kodi ya kudai, na kijana yule wa kamati ya nidhamu alinikuta na kikao cha kumaliza. Sote tuliweka chuma kwenye shina changa tukaenda zetu, na mti haukutusubiri.

Jumanne jioni nilimfuata binti yule kwa rafiki yake, nikiwa na mke wangu. Nilimwomba msamaha mbele ya rafiki yake, kwa kuwa aibu niliyomtia haikuwa ya siri. Alisema, "Haina neno, babu," kwa namna ambayo watoto waliolelewa vizuri huwaambia wazee hata pale ambapo neno lipo. Kisha nikamuuliza imekwama wapi. Alinyamaza kidogo, akaanza kueleza, na maelezo yakachukua saa nzima: mkopo wake ni wa sehemu tu, sehemu iliyobaki analipa mjomba, mjomba amekaa miezi bila kazi, na sasa asipomaliza ada hataruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho wa muhula. Kodi yangu ilikuwa jambo dogo katika orodha hiyo. Tumekubaliana namna ya kuilipa kidogo kidogo, naye usiku huo alirudi chumbani. Mke wangu alikuwa ameshaisugua ile sufuria.

Kabla hatujaachana aliuliza kama ninaweza kumsindikiza kwa mhasibu wa chuo, maana yeye akienda peke yake huishia kuambiwa arudi kesho. Tunakwenda naye Alhamisi saa tatu asubuhi. Nawaomba mniombee siku hiyo, kwa kuwa nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza ile na bado sijajua nitaanzaje kusema nikiwa upande huu. Na kama kuna mwingine kati yetu mwenye vyumba vya wanafunzi, au aliyewahi kuombea ada ya mtoto wa mwenzake ilipwe kwa awamu, anipigie kabla ya Jumatano jioni anieleze barua kama hiyo huandikwaje.