Haikuwa Mlima

Goma, harufu ya mayai yaliyooza haimshangazi mtu. Upepo ukigeuka, volkano ya Nyiragongo hutuma salamu zake hadi mjini. Kwa hiyo piloti aliposhuka kwenye Cessna 206 asubuhi ile akilalamika kwamba ndani kunanuka, nilimwambia ni mlima tu. Kumbe ilikuwa betri, na aliyeichemsha ni mimi.

Siku tatu kabla, ndege hiyo ililetwa kwetu na ugonjwa mdogo: injini ikizunguka, mshale wa volti kwenye dashibodi haupiti 26. Mfumo wake ni wa volti 28, betri ya 24. Ukiwasha taa za dashibodi, mshale unashuka zaidi. Piloti akibonyeza kitufe aseme na mnara, unaanguka kama mtu aliyepigwa kofi. Nilikuwa na mwaka mmoja kazini, muda unaotosha kumfanya mtu ajiamini na kuharibu. Nilizima kila kitu, nikapima betri kwa testa: 24.6. Mshale nao ulikuwa hapo hapo. Basi, nikasema, kipimo ni kizima, alternata, ile mashine ya kuzalisha umeme kwa nguvu ya injini, ndiyo haichaji. Regulata, kifaa kinachoiamuru alternata itoe volti ngapi, ilikuwa na skrubu ndogo ya kurekebishia. Nikaizungusha polepole, injini ikinguruma, hadi mshale ukasimama kwenye 28. Nikaandika kwenye daftari kwamba imepona.

Mzee, fundi wetu mkuu, hakunikemea. Miaka ile upande wa kaskazini wa uwanja ulikuwa bado umefunikwa na lava ya Januari 2002, naye alipenda kwenda kusimama karibu na yale mawe meusi akivuta sigara. Aliporudi aliuliza neno moja:

"Mutoto, injini ikizunguka, ulipima kwenye betri yenyewe?"

Sikuwa nimepima. Tulifunga nyaya mbili ndefu kwenye vichwa vya betri, tukazipitisha hadi ndani, akawasha injini. Mshale: 28. Testa: karibu 30. Betri ya seli 12 ukiilisha hivyo siku tatu, maji yake yanageuka gesi.

Akazima injini, akaacha redio na taa zikiwaka. Ncha moja ya testa akaiweka kwenye hasi ya betri, nyingine nyuma ya dashibodi, pale nyaya za masi za vipimo na redio zinapokutana. Kwangu huko kulikuwa kupima chuma kwa chuma, nilingoja sifuri. Testa ikasema 1.8.

Masi ndiyo barabara ya umeme kurudi nyumbani. Ikiwa na kizuizi, kila ampea inayopita inaacha volti zake njiani: ampea 9 kwenye kizuizi cha omu 0.2 tu, tayari 1.8 imepotea. Kipimo nacho kilikuwa kimeegemea masi hiyo hiyo, ndiyo maana kilisoma pungufu. Lakini ukizima kila kitu, hakuna kinachopita wala kinachopotea, na kipimo kinasema kweli. Nilikihoji wakati hakina mzigo, kikanijibu kwa adabu.

Nikalala chali chini ya dashibodi, tochi mdomoni. Boliti moja. Mtu fulani aliwahi kupaka kipande kile cha aluminiamu rangi ya kijivu, nzuri kweli, halafu akafunga kichwa cha waya juu ya rangi. Umeme wote wa dashibodi ulikuwa ukirudi kwa kupitia meno ya boliti. Nilikwangua kwa msasa hadi pakang'aa, nikakaza: 0.03. Kisha nikarudisha ile skrubu yangu ya aibu, safari hii macho kwenye testa, hadi 28.2. Mshale ukafuata wenyewe.

Piloti alitaka kuvuka ziwa kwenda Bukavu jioni ile. Mzee akakataa, akanipa chupa ya maji ya betri. Nikajaza seli moja moja, zote 12, na kila moja ilikunywa kuliko nilivyotaka kuona. Piloti alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote.

"Kwa hiyo," akasema, "mlima uko na kiu."